Aleji ya pua isiyoisha: andika inachokunyima, kisha anza kukidai

"Dada, nipe Piriton za mia tano."

Ombi hili la vidonge vya aleji nalisikia kabla sijamaliza kufungua mlango. Nafanya kazi kwenye famasia hapa Dar es Salaam, na mwenyewe nina aleji ya pua tangu nikiwa darasa la tano. Nikimuuliza mteja anaumwa nini, atajibu "mafua tu". Nikimuuliza yameanza lini, atacheka: "Haya? Haya ni ya siku zote."

Kisha yanafuata maswali yale yale. Hii ni aleji au mafua? Mbona dawa haisaidii? Mtoto ataacha lini? Nayajibu kwa dakika mbili mbili juu ya kaunta na foleni ikisubiri, na mtu anaondoka na nusu ya jibu. Kwa hiyo nayaandika hapa kwa mpangilio, tangu mwanzo.

Ninachokuomba ni kimoja: kabla hujanunua dawa nyingine, andika jinsi pua inavyokunyima usingizi, kazi, masomo na raha. Watu wengi wanaijua idadi ya chafya zao lakini hawajui ni usiku ngapi hawakulala. Usipoandika, daktari atasikia "mafua" na kukupa dawa ya mafua. Wewe mwenyewe pia hutajua kama dawa imekusaidia au umezoea tu shida.

Kwanza, hakikisha ni aleji

Mafua ya virusi huja na kuondoka, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Yanaweza kuja na homa, mwili kuuma na koo kukereketa. Aleji haina homa. Pua inawasha kwa ndani, chafya zinakuja mfululizo, kamasi ni jepesi kama maji, halafu pua inaziba, mara nyingi kwa zamu: kulia, kisha kushoto. Macho nayo huwasha na kutoa machozi. Kuwasha ndiko kunakonipa jibu haraka, kwa sababu mwenye mafua ya kawaida ni nadra kulalamika kwamba pua inamwasha.

Usiendelee na mwongozo huu bali nenda hospitali ukiona mojawapo ya haya:

- Upande mmoja tu wa pua ndio umeziba muda wote, au unatoa damu au usaha. Kwa mtoto mdogo, upande mmoja wenye harufu mbaya mara nyingi ni punje ya haragwe au ushanga alioingiza mwenyewe.
- Maumivu makali ya uso pamoja na homa, au uvimbe kuzunguka jicho.
- Kifua kinabana, unapumua kwa sauti ya filimbi, au unakohoa usiku. Watu wengi wenye pumu wana aleji ya pua pia, na pua isiyotibiwa huifanya pumu iwe ngumu kutulia.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari halizimi chaji na ni rahisi kumwonyesha daktari.
- Mtu mnayelala naye chumba kimoja, kama yupo. Atakuwa shahidi wa usingizi wako.
- Dawa zote unazotumia sasa, pamoja na za presha, sukari, ARV na za kienyeji. Ziweke kwenye mfuko mmoja.
- Chumvi, sufuria yenye mfuniko, kikombe cha robo lita, na bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Bomba utalipata famasia yoyote.
- Wiki 5: wiki ya kwanza ya kuandika tu, kisha wiki 4 za matibabu.

Hatua ya 1: Chagua mambo yako matatu

Andika mambo matatu unayoyafanya karibu kila wiki ambayo pua inakuharibia. Wazo hili nimeliazima kwa Elizabeth Juniper na Gordon Guyatt wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Mwaka 1991 walitoa dodoso la maswali 28 la kupima maisha ya mwenye aleji ya pua na macho, na ndani yake mgonjwa mwenyewe ndiye anayetaja shughuli tatu zinazomsumbua zaidi. Napenda heshima iliyomo humo. Hakuna anayejua kuliko wewe ni wapi panapouma.

Nikupe mifano niliyoisikia kaunta. Mzee mmoja alitaja kusujudu: akiinama tu, pua inamwagika kwenye mswala, na kwa aibu akahama safu ya mbele. Mwanakwaya alisema pumzi inamkatikia katikati ya ubeti. Mama ntilie, kila akikaanga vitunguu juu ya mkaa, anapiga chafya mpaka wateja wanakitazama chakula kwa mashaka. Kijana wa bodaboda alitaja chafya tatu za mfululizo akiwa na abiria nyuma, macho yamefumba barabarani. Huyo nilimsikiliza kwa hofu. Langu mimi lilikuwa kumsomea mwanangu hadithi kabla ya kulala. Nilikuwa naishia ukurasa wa pili, sauti ikawa ya puani, naye anasema, "Mama, basi."

Usiandike "kufanya kazi", maana hilo ni pana mno. Andika "kufagia darasa asubuhi" au "kuongea na wateja kwenye simu".

Hatua ya 2: Pima siku 7 bila kubadilisha chochote

Kila siku kabla ya kulala jipe alama kuanzia 0 hadi 6 kwa mistari minane. 0 ni hakuna shida kabisa, 3 ni wastani, 6 ni haivumiliki.

- Usingizi wa jana usiku
- Pua
- Macho
- Kichwa: uchovu, uzito, kushindwa kutulia kwenye jambo moja
- Moyo: hasira, aibu, kukata tamaa
- Jambo lako la kwanza
- Jambo la pili
- Jambo la tatu

Jumlisha, kisha gawa kwa 8. Kwa mfano, Jumatano ya mtu mmoja inaweza kusomeka hivi: usingizi 5, pua 4, macho 2, kichwa 4, moyo 3, kusujudu 5, kuendesha gari 3, kucheza na watoto 2. Jumla ni 28, wastani 3.5. Siku ambayo hukulifanya jambo fulani, weka mstari na ugawe kwa idadi iliyobaki. Daftari hili halichukui nafasi ya dodoso la hospitali, lakini linatosha kukuonyesha unakoelekea.

Mstari wa usingizi uandike kwa makini kuliko yote. Wagonjwa wengi huniambia wanalala vizuri kwa sababu wanalala kwa muda wa saa nane. Muulize mtu wa chumbani kwako. Unakoroma? Unalala mdomo wazi? Nawe jiulize: unaamka koo limekauka, mto umelowa mate, kichwa kizito kama hukulala? Ukilala chali pua huziba zaidi, kwa hiyo mtu anayepumua vizuri mchana anaweza kuhangaika usiku kucha bila kujua. Uchovu wa saa nne asubuhi kazini, ule ambao bosi anauita uvivu, mara nyingi umeanzia hapo.

Kwa mtoto angalia alama. Weusi chini ya macho, mdomo wazi akitazama televisheni, na mkunjo mdogo unaokatiza juu ya pua kwa mlalo, unaotokana na kuisugua kwa kiganja kwenda juu. Ripoti ya shule ikisema "hasikilizi" au "anasinzia", iandike kwenye daftari hilo hilo. Nimeona watoto wakichapwa kwa sababu ya pua iliyoziba, na jambo hilo linaniuma.

Mstari wa moyo usiuruke. Tangu korona ya 2020, kupiga chafya kwenye daladala ni kuona majirani wakisogea. Wapo wanaoacha kwenda kwenye sherehe, na wapo wanaobeba leso tatu mkobani na kuzificha. Hiyo ni sehemu ya ugonjwa, na ina alama yake.

Makosa ya hatua hii: kujaza siku zote saba Jumamosi kwa kukisia, kuandika siku mbaya tu, na kuanza dawa mpya siku ya tatu kwa sababu umechoka kusubiri. Kama tayari unatumia dawa, endelea nayo kama kawaida kwa wiki hiyo na uitaje.

Hatua ya 3: Jijue uko fungu gani

Wataalamu wa mpango wa aleji ya pua na pumu uitwao ARIA, ulioanzia kwenye warsha iliyofanyika Shirika la Afya Duniani mwaka 1999, hutumia maswali mawili mepesi.

La kwanza: dalili zinakuja siku 4 au zaidi kwa wiki, na zimedumu wiki 4 au zaidi mfululizo? Kama ndiyo kwa yote mawili, aleji yako ni ya kudumu. La pili: inaharibu usingizi, shughuli za kila siku, kazi au shule, au dalili zenyewe zinakukera sana? Hata moja tu kati ya hayo ikitosha kukuharibia siku, aleji yako si ndogo.

Soma daftari lako na ujibu. Aleji ya kudumu isiyo ndogo hutibiwa kwa dawa ya kila siku ya kupuliza puani, na vidonge vya kununua kwa mia tano siku ukizidiwa havitaifikia.

Hatua ya 4: Msake mchokozi

Mchokozi ni kile kinachoiamsha aleji yako. Pitia daftari na uangalie saa na mahali. Huhitaji kipimo cha ngozi ili uanze, ingawa kikipatikana ni kizuri. Ukipangiwa, uliza ni siku ngapi kabla uache vidonge vya aleji, maana huficha majibu.

Chafya za alfajiri ukiwa bado kitandani huelekeza kwenye utitiri wa vumbi. Ni vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro na mito na kula magamba ya ngozi yetu, na kinachotuchokoza zaidi ni kinyesi chao. Vinapenda unyevu, kwa hiyo Tanga, Mombasa, Unguja na Dar vimejaa tele. Dalili zikizidi ukifungua makabati ya jikoni, fikiria mende. Vumbi la mende ni mchokozi mkubwa wa mijini. Zikizidi masika na nyumba inanuka uvundo, tazama ukungu ukutani na nyuma ya kabati. Zikizidi majani yakichanua baada ya mvua, fikiria chavua ya nyasi, yaani unga wa maua yake. Paka je? Mate yake hukauka kwenye manyoya na kuelea hewani, hivyo hata akitoka nje chumba kinabaki na mabaki yake kwa muda mrefu.

Angalia kazi pia. Mwokaji ana unga, fundi seremala ana vumbi la mbao, msusi ana kemikali za nywele. Ukiwa mzima likizoni na mgonjwa ukirudi kazini, umeshapata jibu lako.

Kuna na vitu ambavyo si aleji yenyewe lakini humwagia petroli moto uliopo: moshi wa mkaa, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, udi, pafyumu. Najua udi ni heshima ya nyumba na wageni. Fukiza sebuleni, madirisha wazi, na chumba cha kulala ukiache.

Hatua ya 5: Tengeneza chumba cha kulala tu

Usijaribu kusafisha dunia nzima. Unalala theluthi moja ya maisha yako kwenye godoro, kwa hiyo anzia hapo.

1. Funika godoro na mto kwa kava lisilopitisha vumbi, lenye zipu. Ukilikosa, anza na mto. Mto wa zamani wa sufi utupe. Hauoshiki na umebeba miaka.
2. Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, yaani moto usiovumilika kwa mkono. Bila mashine, loweka kwenye maji ya moto nusu saa, kisha fua kawaida. Maji baridi huondoa vumbi na kuacha utitiri hai.
3. Anika godoro juani siku ya jua kali. Ukavu ni adui wa utitiri.
4. Ondoa zulia, midoli ya manyoya na rundo la nguo juu ya kabati.
5. Deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu. Mwenye aleji asiwe ndiye anayekung'uta. Ikibidi, avae barakoa na akae nje ya chumba saa moja baada ya kazi.

Chandarua usikichemshe hata kidogo. Kile chenye dawa kifue kwa sabuni laini na maji ya kawaida, kila baada ya miezi mitatu hivi, ukianike kivulini. Malaria haijaisha kwa sababu wewe una aleji.

Hatua ya 6: Osha pua

Watu wengi huiogopa hatua hii, kisha huipenda. Maji ya chumvi hutoa kamasi na vumbi, na huandaa njia ya dawa.

1. Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika 1. Ukiishi juu sana, kama Limuru au Nyahururu, acha dakika 3. Funika yapoe hadi uvuguvugu.
2. Chota robo lita, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikiwa bapa bila kilima.
3. Inama juu ya sinki au beseni, kichwa kimelalia upande, mdomo wazi.
4. Ingiza ncha ya bomba kwenye tundu la juu, sukuma polepole. Maji yatatokea tundu la chini au mdomoni. Pumua kwa mdomo, usimeze, usiongee.
5. Badilisha upande. Penga taratibu, tundu moja moja, bila kuziba yote mawili.
6. Osha bomba kwa sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa, liache likauke. Kila mtu awe na lake.

Onyo ambalo silipunguzi: usitumie maji ya bomba, kisima au tangi bila kuchemsha. Kuna vijidudu ambavyo tumboni havina neno lakini vikipita puani hufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra, na kuchemsha kunatosha kukulinda.

Pua ikichoma, mara nyingi chumvi imezidi, imepungua mno, au maji ni baridi. Ukiona shida kupima, nunua chupa ya maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9.

Hatua ya 7: Dawa ya kupuliza, kwa mkono sahihi

Dawa iliyo bora kwa aleji ya kudumu ni ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani: beklometasoni, budesonidi, flutikasoni au mometasoni. Budesonidi ya puani imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Neno steroidi lisikutishe. Kipimo chake ni cha maikrogramu na kinabaki zaidi puani.

Kabla ya kununua: kama unatumia ARV zenye ritonavir au kobisistati, mwambie mfamasia. Flutikasoni na budesonidi zikikutana na dawa hizo hujilimbikiza mwilini na kuleta madhara makubwa. Beklometasoni huwa chaguo salama zaidi kwako, na kliniki yako ndiyo itakayoamua.

Sasa matumizi, na hapa ndipo dawa nzuri inapoharibika.

1. Osha pua, subiri kama dakika 10.
2. Tikisa chupa. Ikiwa mpya, bonyeza hewani mpaka itoe ukungu mzuri.
3. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama mtu anayesoma gazeti mapajani. Usikiinue juu.
4. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Kwa njia hiyo ncha inaelekea nje, upande wa jicho na sikio, mbali na ukuta wa katikati.
5. Bonyeza huku ukivuta pumzi kidogo, kama unanusa ua. Usivute kwa nguvu.
6. Rudia upande wa pili kwa idadi iliyoandikwa kwenye boksi. Usipenge kwa dakika 15.

Itumie kila siku, hata siku ambayo hujambo. Nafuu huanza ndani ya siku chache, lakini nguvu yake kamili inaweza kuchukua wiki 2. Karibu kila anayeniambia "haifanyi kazi" aliitumia siku tatu.

Hatua ya 8: Vidonge, kama nyongeza

Vidonge hupunguza kuwasha, chafya na majimaji. Pua iliyoziba havisaidii sana. Chagua visivyolevya: loratadini au setirizini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima. Setirizini huwasinzisha baadhi ya watu, kwa hiyo anza usiku.

Piriton, ambayo ni klofeniramini, inazuia chafya, lakini inapunguza wepesi wa akili na mikono. Usiitumie ukiendesha chombo, ukifanya kazi na mashine, wala siku ya mtihani. Uingereza, utafiti uliochapishwa 2007 kwa wanafunzi zaidi ya 1,800 ulionyesha kwamba waliokuwa na dalili za aleji siku za mtihani walikuwa na uwezekano wa asilimia 40 zaidi wa kushuka daraja kutoka mtihani wa majaribio hadi wa mwisho. Kwa waliokuwa wametumia vidonge vya kusinzisha, ilikuwa asilimia 70. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha nne, anza matibabu ya pua Septemba. Usisubiri Novemba.

Hatua ya 9: Pima tena

Wiki ya 2 na wiki ya 4 za matibabu, jaza tena siku 7. Kwenye dodoso la McMaster, tofauti ya nusu alama kwenye wastani ndiyo mgonjwa huanza kuihisi. Kwako, wastani ukishuka kutoka 3.5 hadi 2.5, umepata kitu cha kweli. Angalia pia mstari mmoja mmoja: pua inaweza kushuka na usingizi ukabaki pale pale, na hilo daktari anahitaji kulijua.

Mambo manne ya kutofanya

Matone ya kuzibua pua, yenye zailometazolini au oksimetazolini, yasizidi siku 5. Yanafungua ndani ya dakika chache, ndiyo maana yanapendwa. Ukiendelea, pua inazoea na kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Nina wateja waliokuwa wakilala na chupa chini ya mto kwa miaka.

Sindano ya "kumaliza aleji" ikatae. Mara nyingi ni steroidi ya nguvu inayozunguka mwili mzima. Ikirudiwa hupandisha sukari na presha, hulegeza mifupa na kuzima homoni ambazo mwili hujitengenezea.

Antibiotiki haitibu aleji. Kamasi jepesi kama maji halina bakteria wa kuua.

Kujifukiza kwa maji yanayochemka, hasa mtoto chini ya shuka, kumeunguza wengi. Acha.

Ukikwama

*Pua inatoa damu baada ya kupuliza.* Karibu daima ncha inapiga ukuta wa katikati. Pumzisha siku 2, paka mafuta laini ya mgando kidogo mlangoni mwa pua, rudi hatua ya 7 na ubadilishe mikono. Ikiendelea, nenda uangaliwe.

*Dawa inashuka kooni na ni chungu.* Umeinua kichwa au umevuta kwa nguvu.

*Siwezi kupuliza kwa kuwa pua imeziba kabisa.* Osha kwanza kwa maji ya chumvi. Ikishindikana, tumia tone la kuzibua siku 3 za mwanzo tu, kisha acha. Mwenye presha aulize kabla.

*Nimenaswa na matone ya kuzibua.* Anza dawa ya steroidi leo, endelea nayo wiki nzima, kisha acha matone upande mmoja wa pua kwanza. Ukiwa na upande mmoja wa kupumulia utavumilia. Upande huo ukifunguka, acha na wa pili.

*Nina mimba.* Maji ya chumvi hayana shida. Dawa nyingine yoyote, iulizie kliniki. Mimba yenyewe pia huziba pua.

*Mtoto wangu ana umri mdogo.* Kila dawa ya kupuliza ina umri wake wa kuanzia. Flutikasoni propionati, kwa mfano, ni miaka 4. Tumia kipimo kidogo kinachosaidia, na mpime urefu kliniki akiwa anaitumia muda mrefu. Usimpe dawa ya kusinzisha ili alale.

*Nimeandikiwa montelukasti.* Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo zito kuhusu mabadiliko ya akili na hisia, na ikashauri isiwe chaguo la kwanza kwa aleji ya pua. Ukiona ndoto za kutisha, hasira isiyo ya kawaida au mawazo ya kujidhuru, mrudie daktari mara moja.

*Nimefanya yote kwa wiki 4 na wastani haujashuka.* Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huenda kuna nyama puani, mfupa uliopinda, au si aleji kabisa. Penye wataalamu wa aleji, kuna tiba ya kuuzoesha mwili mchokozi kidogo kidogo, ambayo huchukua kama miaka 3. Beba daftari na mfuko wa dawa zako. Ukiingia chumbani usianze na neno "mafua". Fungua ukurasa wa wiki ya kwanza ya kuandika na wa wiki ya nne ya matibabu, ziweke mezani, na useme: "Daktari, silali. Tazama hapa."